Wagonjwa Wasiofika Siku Yao: Je, Watozwe?



Katika mikutano yetu ya miezi hii limekuwapo neno moja ambalo hurudi kila mara tumalizapo habari za ada na mikopo. Neno lenyewe ni hili: kwamba wagonjwa wengi hupewa siku ya kurudi kwa mganga, nao hawarudi, na ya kwamba dawa ya jambo hilo ni faini. Walioleta neno hili si watu wa maneno matupu. Baadhi yao wameshika kazi ya hospitali tangu ujana wao, nao wamesema kwa uchungu wa mtu aonaye kazi yake ikiharibika. Nasi tukaao Makandana, ambao hospitali ya wilaya iko mlangoni petu, na ambao kila asubuhi twapishana njiani na watu walioshika kadi zao mkononi, haitupasi kulisikia neno kama hili tukalipita. Twaona yafaa liandikwe, lipimwe, kisha kila mwanachama aseme lake.

Tuanze kwa kuwatendea haki wenye shauri la faini. Wasema hivi: mganga ni mmoja na wagonjwa ni wengi. Mtu akiandikiwa Jumanne asifike, nafasi yake imepotea, wala hakupewa mwingine ambaye angeifurahia. Dawa za kifua kikuu zikikatizwa, vijidudu huweza kuzizoea dawa hizo, na ugonjwa ukirudi huwa mgumu kuliko ule wa kwanza. Tena mgonjwa huwaambukiza watu wa nyumbani mwake. Mwenye shinikizo la damu aachaye vidonge kwa kuwa hasikii maumivu, siku moja huletwa amepooza upande mmoja wa mwili. Mama mjamzito aliyekosa kupimwa huletwa usiku wa manane akiwa na kifafa cha mimba. Gharama ya hayo yote huiangukia Serikali, nayo ni fedha ya walipa kodi. Basi, wasema, mtu akichelewa kulipa kodi hutozwa zaidi. Kwa nini apotezaye saa ya mganga aende zake bure? Kitu cha bure, wasema, hakithaminiwi.

Maneno haya yana uzito, wala hatuwezi kuyajibu kwa kusema tu kwamba maskini wahurumiwe. Huruma isiyo na hesabu haiendeshi hospitali. Kwa hiyo tutayajibu kwa hesabu, kama ilivyo desturi ya makarani.

La kwanza tuulize: hiyo siku ya miadi ni kitu gani? Ahadi ni deni, nasi sote twakubali. Lakini ahadi ina watu wawili. Mahali pengi katika nchi yetu kadi huandikwa tarehe peke yake, bila saa. Mgonjwa huambiwa aje tarehe 14, naye hufika alfajiri kwa sababu kila mwenzake wa tarehe 14 ameambiwa vivyo hivyo. Hukaa benchini hata adhuhuri, na pengine hata alasiri. Yeye ametoa siku nzima. Sisi tumetoa dakika chache, wala hatukumwambia zitakuwa saa ngapi. Twataka kumtoza yule asiyekuja. Je, yule aliyekuja akangoja saa saba, naye amtoze nani? Na yule aliyefika akaambiwa dawa zimekwisha, arudi wiki ijayo, hati yake ya madai aipeleke dirisha gani? Mapatano yenye adhabu ya upande mmoja si mapatano, ni amri.

La pili, tutazame ni akina nani hasa wenye kadi za kurudi. Mtu mwenye afya aliyepatwa na homa mara moja hana siku ya miadi. Hutibiwa akaenda zake. Wenye siku za kurudi ni wajawazito, ni mama wenye watoto wa kupimwa uzito na kuchanjwa, ni wagonjwa wa kifua kikuu, ni watu waishio na virusi vya UKIMWI, ni wazee wenye shinikizo la damu na kisukari. Sasa iwekeni orodha hiyo kando ya orodha nyingine. Serikali ilipoanza mwaka 1993 kuwataka wananchi wachangie gharama za matibabu, baada ya miaka mingi ya matibabu ya bure, iliweka makundi ya watu wa kusamehewa: wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wenye maradhi kama kifua kikuu, ukoma na UKIMWI. Orodha hizo mbili zakaribia kuwa moja. Basi faini ingekuwa kuwadai watu kwa mlango wa nyuma kile walichosamehewa kwa mlango wa mbele. Mama aambiwe kwamba kupimwa ni bure, bali kutopimwa kuna bei! Karani gani atayaeleza hayo dirishani asione haya?

La tatu ni habari ya wilaya yetu wenyewe. Mvua ya Rungwe ni miongoni mwa mvua nyingi kuliko zote katika Tanzania, nayo hunyesha miezi mingi ya mwaka. Mtu atokaye Masoko, au miteremko ya Mlima Rungwe, hushuka bonde na kupanda bonde kwenye udongo utelezao kama sabuni, na siku ya mvua kubwa mwenye bodaboda ama hukataa safari ama hupandisha nauli. Mkulima wa chai ana siku zake za kuchuma. Majani yakishachumwa hayalali, na yasipochumwa kwa wakati hukomaa yakapoteza thamani, na gari la kukusanya halimngojei aliye kwa mganga. Tena kuna msiba. Godfrey Wilson, Mwingereza aliyekaa kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, aliandika makala nzima juu ya desturi zao za mazishi, nayo ilipigwa chapa mwaka 1939. Lakini aliyezaliwa huku hana haja ya kuisoma ili ajue ya kuwa msiba wa jirani hauachwi. Asiyefika msibani leo, kesho atazika peke yake. Mtu akipimishwa kati ya faini ya hospitali na aibu hiyo, ataichagua faini. Na kama hana fedha ya faini, hatakanyaga tena hospitalini.

Hapa ndipo lilipo shina la jambo letu, nasi twaomba lisomwe polepole. Tuseme faini iwe shilingi 5,000. Bibi mmoja mwenye kisukari amekosa kufika tarehe 14, kwa sababu yoyote ile. Tarehe 15 yu nyumbani, awaza kama aende au asiende. Kabla ya faini, kwenda kwake kungemgharimu nauli ya kwenda na kurudi na kazi ya shamba ya siku moja. Baada ya faini, kutamgharimu nauli, kazi ya siku moja, na shilingi 5,000 juu yake. Siku aliyoikosa imekwisha kupita, wala hakuna faini iwezayo kuirudisha. Siku pekee ambayo faini yaweza kuigusa ni siku ya kesho, na hiyo ndiyo inayoipandishia bei. Na yule asiyerudi kabisa, ambaye ndiye tuliyemkusudia tangu mwanzo, hatatozwa kamwe, maana nani atapanda hadi kijijini kwake kumdai? Kwa hiyo faini ya namna hii, ukiifuata hata mwisho wake, hailipwi na mtu kwa kutokuja; hulipwa na mtu kwa kurudi. Wazee walisema, kawia ufike. Sisi tutakuwa tumeligeuza neno lao kuwa: kawia, kisha ulipe, au usifike kabisa.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mawazo ya mwandishi tu. Basi tutazame yaliyokwisha kutokea kwa jirani zetu. Serikali ya Kenya ilianza kutoza malipo katika hospitali na vituo vyake mwezi Desemba mwaka 1989. Katika kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa ya mji wa Nairobi, waganga walihesabu wagonjwa kabla ya malipo na wakati wa malipo. Wanaume walishuka hata kufika karibu 40 katika kila 100 wa hesabu ya kwanza, na wanawake karibu 65 katika kila 100. Magonjwa hayakupungua, waliopungua ni watu waliokuja kutibiwa. Mwezi Septemba mwaka 1990 Serikali ile ikayasimamisha malipo ya wagonjwa wasiolazwa. Uganda nayo iliyaondoa malipo katika vituo vya Serikali mwaka 2001, na watu, hasa maskini, wakaja kwa wingi kuliko kwanza. Twajua kwamba malipo ya kutibiwa si kitu kimoja na faini ya kutofika. Lakini mfuko ni uleule, na mkono uuingiao ni uleule.

Tena kuna mfano wa mbali, ambao si wa hospitali lakini wafundisha. Katika mji wa Haifa, nchi ya Israeli, wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao jioni katika nyumba za kulelea watoto. Wataalamu wawili wakachagua nyumba 10, na katika 6 miongoni mwake ikawekwa faini kwa kila mzazi achelewaye. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2000. Wazazi hawakupunguza kuchelewa. Walizidi, hata idadi ya wachelewao ikawa karibu mara mbili. Na faini ilipoondolewa, hawakurudi katika desturi yao ya kwanza. Sababu yake si ngumu kuiona. Kwanza mzazi aliyechelewa aliona haya mbele ya mwalimu. Ilipowekwa bei, haya ikaondoka: nimelipa, basi nina haki ya kuchelewa. Nasi tujihadhari. Mgonjwa wetu wa leo aliyekosa siku yake huja ameinamisha kichwa na kusema, "Unisamehe, tata, nilipatwa na jambo." Haya hiyo ni mali ya hospitali. Tukiiuza kwa shilingi 5,000 hatutaweza kuinunua tena.

Hatusemi kwamba hakuna nchi ifanyayo hivyo. Norway huwatoza watu wasiofika hospitali siku yao bila kutoa habari. Lakini nchi ile hutuma barua na ujumbe wenye siku na saa, ina barabara na magari yafuatayo saa, na mtu aweza kuahirisha kwa simu kabla ya siku kufika. Huko Uingereza, mwaka 2022, Rishi Sunak alipokuwa akigombea uongozi wa chama chake, aliahidi faini ya paundi 10 kwa wasiofika kwa mganga. Waganga wengi wa huko waliipinga, na alipokuwa Waziri Mkuu mwezi Oktoba mwaka huohuo aliliacha shauri hilo. Ikiwa nchi yenye simu katika kila nyumba iliona shaka, sisi tusiwe na haraka.

Na hapa nchini tumekwisha kuona amri za aina hii zitendavyo. Katika baadhi ya vijiji zilitungwa sheria ndogo za kuwatoza wanawake waliojifungulia nyumbani. Mahali pengine mama mjamzito aliamriwa asije kupimwa mara ya kwanza pasipo mume wake. Na katika nyanda za kusini mwa nchi wachunguzi walikuta wanawake wakiwakodi wanaume wa kusimama nao foleni. Nia ya waliotunga amri hizo ilikuwa njema. Lakini amri ikiwa ngumu kuliko maisha ya watu, watu hawaachi kuishi, hujifunza kuidanganya. Nasi tulio watumishi wa Serikali twajua vema pia kwamba mahali palipo na faini isiyolipika, pana mtu anayeweza kuifuta kwa bei ndogo kuliko hiyo. Kila shilingi ya Serikali hutakiwa kupita kwa namba ya malipo na stakabadhi. Faini ya dirishani, ya mgonjwa aliyechoka mbele ya karani aliyechoka, itatafuta njia fupi. Tusijitengenezee majaribu.

Sasa tuseme neno juu yetu wenyewe, maana si haki kumhukumu mtu wa Masoko tukajiacha. Tangu mwaka 2001 watumishi wa Serikali tumo katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao twachangia 3 katika kila 100 ya mshahara, na mwajiri 3. Tunapougua hatuhesabu sarafu njiani. Tukiwa na siku ya kliniki twaomba ruhusa, na mshahara wa siku hiyo haukatwi. Mkulima hana wa kumwomba ruhusa isipokuwa shamba lake, nalo halitoi ruhusa yenye mshahara. Tena, pamoja na faraja zote hizo, ni wangapi miongoni mwetu tuliokosa siku ya kupimwa shinikizo kwa sababu ya semina, au safari, au uvivu tu? Na tulipofika siku ya pili, ni wangapi tuliopita foleni kwa kuwa twamjua aliye ndani? Mwenye shauri la faini na ajitoze kwanza mwenyewe, kisha alete stakabadhi mkutanoni.

Nasi tuna jambo letu la kukiri. Katika kituo kimoja tusichokitaja, tulipokuwa tungali wageni katika kazi, tulimwandikia mama mmoja tarehe ya kurudi bila kuitazama kalenda. Tarehe ile ilikuwa sikukuu. Mama yule alikuja kwa miguu, mtoto mgongoni, akakuta kliniki imefungwa, akarudi kwao. Siku iliyofuata ya kazi tulifungua daftari, tukaona nafasi yake haina alama, nasi kwa wino mwekundu tukaandika neno moja: Mtoro. Hatukujua yaliyompata ila baada ya miezi mitatu, alipoletwa na jamaa zake akiwa hawezi kusimama. Alitutazama, wala hakulaumu. Alisema tu, "Nilikuja, baba. Hamkuwapo." Tangu siku ile neno lile halitutoki. Mtoro ni mtumwa aliyemkimbia bwana wake, au mfungwa aliyeruka ukuta. Tulimwita hivyo mtu aliyetimiza ahadi yake, kwa sababu sisi tulivunja yetu. Kama siku ile kungalikuwa na faini, tungalimwandikia na faini pia, na karatasi zetu zote zingalikuwa safi.

Msomaji atauliza: ikiwa faini haifai, je, tukae tukitazama wagonjwa wakipotea? Sivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu una dawa iliyokwisha kujaribiwa, tena katika nchi hii yetu, nayo ni dawa ya kikarani. Mwaka 1977 Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, pamoja na Umoja wa Kimataifa wa kupambana na kifua kikuu, ambao mtaalamu wake mkuu alikuwa Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyefanya kazi Uholanzi. Nguvu ya mpango ule haikuwa katika dawa peke yake. Ilikuwa katika kadi na daftari: kila mgonjwa aliandikwa jina na mahali akaapo, na kila robo ya mwaka ilihesabiwa ni wangapi waliopona, wangapi waliokufa, na wangapi waliopotea, wala hakuna aliyeruhusiwa kutoweka katika hesabu. Aliyekosa kufika alifuatwa. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuutangaza kwa mataifa mengine. Ni jambo la kujivunia kwamba daftari la kliniki ya Tanzania lilifundisha dunia, nasi twashangaa kuona wenye kushika daftari wakiliacha na kutafuta fimbo.

Kabla ya hapo wazee wetu waliona upande wa pili wa jambo hili. Katika miaka ya 1920, dawa ya sindano ya ugonjwa wa buba ilipofika Tanganyika, watu walikuja kwa makundi. Lakini wengi walipoona vidonda vimekauka baada ya sindano moja au mbili hawakurudi kumaliza, na ugonjwa ukarudi. Watu wale walipenda dawa, wala hawakuidharau. Lakini hawakuambiwa kwa maneno yaliyowaingia kwamba kukauka kwa kidonda si kwisha kwa ugonjwa. Ndivyo ilivyo leo kwa mwenye shinikizo la damu. Mtu asiyeumwa, ambaye hakuelezwa, hana sababu ya kupanda mlima.

Na simu ya mkononi nayo yafaa. Huko Kenya, katika kliniki tatu, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za UKIMWI waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipelekewa kila wiki ujumbe mfupi wa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alijibu kwamba ni sawa, au kwamba ana shida, na mwenye shida alipigiwa simu na muuguzi. Habari zake zilitolewa mwaka 2010. Waliosalimiwa hivyo, 62 katika kila 100 walizitumia dawa zao sawasawa. Wasiosalimiwa, 50 katika kila 100. Angalieni hekima ya neno lile. Halitaji ugonjwa, hata likisomwa na shemeji au mwenye nyumba halina aibu. Wala halitishi. Lamuuliza mtu hali yake, kama muungwana amuulizavyo mwenziwe. Salamu ilifanya kazi ambayo faini haikupata kuifanya.

Basi twatoa mashauri yetu, tukiyaelekeza hasa kwa wanachama walio makarani na wauguzi, kwa maana mengi yake hayangoji fedha wala amri kutoka juu.

Kwanza, tarehe yoyote isiandikwe kwenye kadi kabla ya kuitazama kalenda na kumwuliza mgonjwa: siku hii yakufaa? Mchuma chai aepushwe na siku yake ya kuchuma, na mwenye mnada na siku ya mnada. Swali hilo huchukua muda mfupi kuliko kulitafuta faili lililopotea.

Pili, pamoja na tarehe iandikwe saa, au walau asubuhi au mchana. Watu wa mbali wapewe saa za katikati, na wa karibu saa za mapema. Foleni ikigawanywa, wengi hawataogopa kuja.

Tatu, kila jioni ya kliniki daftari lifungwe kwa kuhesabu wasiofika, na mbele ya kila jina iachwe nafasi ya sababu. Sababu iandikwe mtu arudipo au apigiwapo simu: mvua, nauli, msiba, hakuelewa, alikuja akakuta pamefungwa. Baada ya miezi mitatu tutajua ugonjwa wa kliniki yetu, nasi tutaweza kumpelekea Mganga Mkuu hesabu badala ya manung'uniko.

Nne, namba ya simu iandikwe pamoja na jina la mwenye simu, na mgonjwa aulizwe kama ni salama kuipiga. Asiye na simu aandikiwe kitongoji, na mhudumu wa afya wa kijiji apewe jina lake ndani ya siku saba.

Tano, mgonjwa aliyetulia katika dawa zake, ambaye mganga ameridhika naye, apewe dawa za miezi mingi kwa mara moja pale utaratibu uruhusupo, kama ifanyikavyo kwa watu wengi watumiao dawa za UKIMWI. Siku chache za kuja ni siku chache za kukosa.

Sita, na hili latuhusu sisi peke yetu: lile neno la wino mwekundu liondoke katika madaftari. Iandikwe "Hajafika". Neno hilo laacha mlango wazi.

Kwa upande wa mgonjwa nako kuna wajibu, nasi hatuufichi. Atoe habari mapema ajuapo hatafika, hata kwa kumtuma mtoto aendaye shule ya mjini. Asifiche namba yake. Asiazime vidonge vya jirani ili kujiokoa na safari. Na wanachama wenye kusikilizwa makanisani na misikitini, katika vyama vya ushirika na katika mabaraza ya kata, wayaseme haya kwa lugha ambayo bibi wa Masoko ataielewa.

Hatukatai kwamba siku moja shauri la malipo laweza kuwa na mahali pake. Mtu mwenye uwezo, aliyejichagulia mwenyewe saa yake kwa daktari bingwa, akakumbushwa, asitoe habari, huyo twaweza kujadiliana juu yake. Bunge limekwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kadiri sheria hiyo itakavyoingia vijijini, maswali ya nani alipe nini yatakuja tena mlangoni. Lakini sharti la kwanza la kumdai mtu ni kuwa wewe mwenyewe hudaiwi. Hatujafika hapo.

Chama cha kwanza cha watumishi wa Serikali Waafrika katika Tanganyika kiliundwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wake. Wengi wao walikuwa makarani kama sisi, watu wa kalamu na daftari. Kalamu ile tuliyoirithi yaweza kumwandika mtu mtoro, nayo yaweza kumwandikia siku anayoiweza. Kuchagua ni kwetu.

Mwanachama mwenye maoni mengine, hata yawe kinyume kabisa na haya, na alete kwa maandishi kabla ya mkutano ujao, upande mmoja wa karatasi, kwa mwandiko usomekao. Tutayatia katika karatasi hii pasipo kupunguza neno.

Mhariri